Kila Umri na Mzigo Wake: Mwili na Ujuzi wa Mwanadamu Tangu Utoto hadi Uzee

Somo kwa kamati za sharika na marafiki wa miradi yetu

Katika robo hii tumeona vema tujifunze pamoja jambo ambalo kila mmoja wetu analijua kwa mwili wake mwenyewe, lakini ambalo mara nyingi tunalisahau tunapokaa mezani kupanga mradi. Jambo hilo ni namna uwezo wa mwili na ujuzi wa mtu unavyobadilika kadiri anavyoishi.

Karibu kila andiko la mradi linalopita katika ofisi yetu lina sentensi isemayo kwamba jamii itachangia nguvu kazi. Sentensi hiyo ni njema, na wafadhili wanapenda kuiona. Lakini jamii si mtu mmoja. Katika jamii yumo binti wa darasa la sita, yumo kijana wa bodaboda, yumo mama mjamzito, yumo fundi wa miaka 48 ambaye siku hizi anasoma barua akiwa ameisogeza mbali na macho, na yumo bibi wa miaka 75 anayelea wajukuu watatu. Tukiandika "nguvu kazi" bila kuuliza ni nguvu za nani, mzigo humwangukia asiyeuweza, na anayejua mengi hukalishwa pembeni.

Chukueni mfano wa maji. Hapa kwetu nyumba nyingi zimejengwa juu kwenye vilima vya mawe, na bomba likikatika maji hupandishwa kichwani. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Kwa mama mwenye kilo 60 huo ni theluthi ya uzito wake. Kwa binti wa kilo 35 ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Kwa bibi mwenye magoti yanayouma, ndoo hiyo hiyo yaweza kuwa mwanzo wa kuanguka na kuvunjika nyonga. Ndoo ni ile ile na kilima ni kile kile, lakini miili ni tofauti.

Baada ya somo hili tunatarajia kamati iweze: (1) kueleza mabadiliko makuu ya mwili katika kila kipindi cha maisha, (2) kutofautisha upungufu wa nguvu na upungufu wa ujuzi, na (3) kupanga kazi za mradi kwa kuzingatia umri wa watu waliopo.

1. UTOTO: NYUMBA INAJENGWA

Mtoto aliyezaliwa na afya njema huongeza uzito wake mara mbili akifikia takriban miezi mitano, na mara tatu akitimiza mwaka mmoja. Hakuna kipindi kingine baada ya kuzaliwa ambapo mwili hukua kwa kasi hiyo. Ubongo nao ni hivyo hivyo. Akizaliwa, ubongo wake ni kama robo ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Akifikia miaka mitano umekwisha kufikia kama asilimia 90.

Ndiyo maana wataalamu wa lishe husisitiza siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Mtoto akikosa chakula cha kutosha wakati huo hudumaa, na kudumaa si ufupi tu. Mtoto huyo huingia darasani na shambani akiwa na mwili na akili ambavyo havikupewa nafasi ya kukua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionyesha 34. Tumepiga hatua, lakini bado karibu mtoto mmoja kati ya watatu anaanza maisha akiwa na deni la mwili.

Kwetu kandokando ya Ziwa Victoria kuna adui mwingine, naye ni kichocho. Mtoto anayeoga na kucheza ziwani mahali penye konokono wa kichocho hupata vijidudu wanaoingia kupitia ngozi. Hupungukiwa damu, huchoka upesi na hushindwa kujifunza vizuri. Walimu na wazazi huweza kumwita mvivu kumbe ni mgonjwa. Dawa ipo na hutolewa shuleni. Kamati inayotaka watoto wenye nguvu ianze kwa kuhakikisha wanapata dawa hiyo, na kwamba shule ina choo kinachotumika.

Kwa kifupi, tunachokifanya kwa mtoto wa mwaka mmoja tutakiona katika mabega ya kijana wa miaka 20 na katika mifupa ya bibi wa miaka 70.

2. UJANA: NGUVU ZATANGULIA BUSARA

Wasichana kwa kawaida huanza kurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 10 hadi 12, na wavulana kama miaka miwili baadaye. Katika miaka hii mifupa huweka akiba yake. Sehemu kubwa ya uimara wa mifupa ambao mtu atautegemea maisha yote huwa imekwisha kujengwa anapofikia miaka 20. Dagaa wa ziwa letu, ambao huliwa wakiwa wazima pamoja na mifupa yao, ni chakula bora sana kwa umri huu. Inasikitisha kuona dagaa wakiitwa chakula cha maskini au cha kuku.

Mvulana wa miaka 17 anaweza kuwa na kifua na mikono ya mtu mzima. Macho yake ni makali na mikono yake ni myepesi. Lakini sehemu ya ubongo inayopima hatari na kuzuia pupa huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Hapa mwili umetangulia, na busara bado iko njiani. Ndiyo sababu kijana anayeweza kuendesha pikipiki kwa ustadi mkubwa ndiye huyo huyo anayepita kushoto mwa lori kwenye barabara kuu ya Shinyanga. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Kijana hahitaji kusemwa tu. Anahitaji kuwekwa karibu na mtu aliyemtangulia. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na si kazi rahisi kumkunja samaki kwa kumpigia kelele kutoka mbali.

3. UTU UZIMA: KILELE NA MTEREMKO USIOONEKANA

Nguvu za misuli kwa watu wengi hufikia kilele kati ya miaka 20 na 35. Baada ya hapo hupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 kasi ya kupungua huongezeka. Lakini si kila uwezo hufikia kilele wakati mmoja. Kasi hutangulia kuondoka, uvumilivu hubaki.

Tunao mfano kutoka kanda yetu ya Ziwa. Suleiman Nyambui, aliyezaliwa Majita mkoani Mara mwaka 1953, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akiwa na miaka 27. Miaka saba baadaye, ambapo wengi wangesema amezeeka kwa mbio, alishinda marathoni ya Berlin, akarudia ushindi huo mwaka 1988. Jirani yetu wa Kenya, Eliud Kipchoge, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18. Aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:01:09 huko Berlin mwaka 2022, akiwa na miaka 37. Wanariadha hawa hawakung'ang'ania mbio za ujana wao. Walihamia katika kazi iliyofaa umri waliokuwa nao.

Wanawake katika kipindi hiki hubeba mzigo wa pili. Mimba hulegeza viungo vya nyonga na mgongo, huongeza mahitaji ya damu na chakula, na hufanya kunyanyua mizigo mizito kuwe na hatari. Hata hivyo, katika siku nyingi za nguvu kazi tumeona mama mjamzito akibeba mawe huku akiogopa kusema, asije akaitwa mtegaji. Kamati isingoje aseme. Impangie kazi nyingine mapema.

Kisha huja miaka 40 na kitu. Lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu, na mtu hushindwa kuona vitu vya karibu. Kila mwanadamu hupatwa na hali hii, mwenye elimu na asiye na elimu. Mshonaji hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Mama anayechagua mchele haoni mawe. Katibu wa VICOBA anakosea hesabu kwenye daftari. Wengi hudhani ni ugonjwa mkubwa au wamerogwa, nao huacha kazi waliyoifanya vizuri kwa miaka 20.

Dawa yake ni miwani ya kusomea ya bei nafuu. Utafiti uliofanywa huko Assam nchini India na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wachumaji wa chai wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Waliopewa miwani waliongeza uchumaji wao kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Utafiti mwingine wa Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba kipato cha waliopewa miwani kilipanda kwa takriban theluthi moja. Ni miradi michache inayoleta faida kama hiyo kwa gharama ndogo kiasi hicho.

4. UZEE: KINACHOPUNGUA NA KINACHOWEZA KURUDISHWA

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya wazee milioni 2.5 nchini. (Tukumbuke kwamba mzee wa kanisa si lazima awe mzee wa umri. Katika sharika zetu wako wazee wa kanisa wenye miaka 30, na wazee wa miaka 80 ambao hawajawahi kuulizwa neno na kamati yoyote.)

Mabadiliko ya uzee yanayofaa kamati iyajue ni haya:

Misuli na mizani. Misuli hupungua na mwili hukawia kujishika unapojikwaa. Kati ya watu wenye umri unaozidi miaka 65, takriban theluthi moja huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, ambaye mifupa yake imepungukiwa uimara, anguko moja laweza kumlaza kitandani moja kwa moja.

Macho. Mtoto wa jicho hufunika macho kama ukungu. Hali hii hutibika kwa upasuaji mfupi, na jijini Mwanza huduma ipo, ikiwemo katika Hospitali ya Bugando.

Masikio. Sauti nyembamba hutangulia kupotea. Hivyo babu anaweza kumsikia vizuri mchungaji mwenye sauti nzito, asimsikie mjukuu wake wa kike. Si kwamba anachagua wa kumsikiliza. Kumpigia kelele hakusaidii sana. Kumtazama usoni na kusema taratibu kunasaidia.

Kiu. Mwili wa mzee unaweza kukosa maji bila yeye kuhisi kiu. Siku ya kazi juani apewe maji hata kama hajaomba.

Biblia inamtaja mzee aliyeyajua mabadiliko haya na kuyasema wazi. Katika 2 Samweli sura ya 19, Barzilai Mgileadi ana miaka 80. Mfalme Daudi anamwalika Yerusalemu akale mezani pake, kwa kuwa alimlisha alipokuwa mkimbizi. Barzilai anakataa kwa heshima. Anaeleza kuwa hasikii tena ladha ya chakula wala sauti za waimbaji, na hataki kuwa mzigo. Lakini tazameni anachofanya. Anamsindikiza mfalme hadi ng'ambo ya Yordani, mwendo anaouweza, kisha anampendekeza Kimhamu aende badala yake. Alijua mpaka wa mwili wake, na ndani ya mpaka huo aliendelea kutoa. Si mfalme aliyemwambia akae chini. Ni yeye mwenyewe aliyechagua.

Tena si kila kilichopungua kimepotea. Mwaka 1990 madaktari huko Boston, Marekani, walitoa taarifa ya wazee dhaifu wenye wastani wa miaka 90 waliofanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki nane. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili, na baadhi yao walianza kutembea bila fimbo. Kwa hiyo kumwambia mzee "pumzika tu, usifanye chochote" si upendo kamili. Mwili usiotumika hufa mapema. Wazee wetu wanaohitaji kupumzishwa ndoo ya lita 20 bado wanahitaji kutembea, kulima bustani ndogo, na kuinuka kwenye kiti mara nyingi kwa siku.

5. UJUZI HAUFUATI NJIA YA MISULI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Kama nguvu hufikia kilele kwenye miaka 25, kwa nini Mungu amempa mwanadamu miaka mingi baada ya hapo? Na kwa nini mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa, jambo ambalo ni nadra sana kwa wanyama?

Jibu moja limetoka hapa hapa Tanzania. Tangu miaka ya 1980, watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi. Waliona kwamba bibi waliokwisha kukoma kuzaa walichimba mizizi kwa saa nyingi kuliko mabinti wenye nguvu. Walipopima watoto waliona jambo la ajabu zaidi. Mama akiwa na mtoto mchanga, mtoto wake aliyeachishwa ziwa hakuongezeka uzito kwa kazi ya mama. Aliongezeka kwa kazi ya bibi. Kwa maneno mengine, bibi si mlaji aliyebaki. Bibi ni nguzo iliyowezesha watoto wa binadamu kuishi.

Utafiti mwingine kwa Wahadzabe, uliochapishwa mwaka 2017, ulihusu usingizi. Watu wazima 33 walivalishwa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika muda huo wote zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, na hivyo karibu kila saa ya usiku palikuwa na mtu macho. Watafiti waliona kwamba usingizi mwepesi wa wazee unaweza kuwa ulinzi wa kambi. Tafadhali likumbukeni hili, maana tutalirudia.

Kazini nako ni vivyo hivyo. Mwaka 1984 mtafiti Timothy Salthouse aliwapima wapiga taipu wa kuanzia miaka 19 hadi 72. Vidole vya wazee vilikawia kuitikia, lakini walichapa kwa kasi ile ile ya vijana. Siri yao ilikuwa kwamba macho yao yalitangulia kusoma herufi nyingi zaidi mbele. Walifidia kasi kwa kuona mbali.

Wavuvi wetu wanalijua hilo bila utafiti. Kuvuta wavu ni kazi ya vijana. Lakini kujua kwamba usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani na mchana hugeuka, kutambua wingu lipi ni la mvua na lipi ni la dhoruba, na kusema "leo hatuingii", ni kazi ya aliyeingia ziwani miaka 40. Mtumbwi wenye nguvu tupu bila ujuzi huo ni jeneza. Hata katika ngoma za Kisukuma, wachezaji wengi ni vijana, lakini manju anayetunga na kuongoza huheshimiwa kwa yale aliyoyaona na kuyakumbuka.

Na mtu hafiki umri wa kushindwa kujifunza. Mwaka 2004 Kimani Maruge alianza darasa la kwanza mjini Eldoret, Kenya, akiwa na miaka 84. Alifariki mwaka 2009 akiwa anajua kusoma.

6. TUSIPOELEWA MWILI, TUNAUA

Ndugu zetu, somo hili si la afya tu. Katika kanda yetu ya Ziwa na Usukuma kwa ujumla, yaani Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita na maeneo ya jirani, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi. Alama iliyotumiwa mara nyingi ni macho mekundu.

Macho mekundu yanatoka wapi? Mwanamke aliyepika tangu akiwa na miaka saba katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi, mabua na samadi ya ng'ombe, amekaa kwenye moshi kwa miaka 60. Moshi huchoma macho. Ongeza uzee unaopunguza machozi yanayolainisha jicho, na magonjwa kama trakoma. Macho hayo ni kumbukumbu ya milo yote aliyowapikia watoto wake. Jamii iliyoshiba chakula hicho ndiyo inayomhukumu kwa moshi wake.

Husemwa pia kwamba mchawi halali usiku. Lakini tumeona hapo juu kuwa mzee hulala kidogo na huamka kabla ya wengine. Huenda haja ndogo mara kwa mara. Maumivu ya viungo humfanya atoke nje kunyoosha miguu. Bibi anayeonekana uani saa tisa usiku hajaenda kuroga mtu; mwili wake umemwamsha. Zamani kuamka huko kulikuwa ulinzi wa kaya, na leo kumefanywa kuwa ushahidi wa kumuua.

Nyuma ya tuhuma hizi mara nyingi kuna mambo mengine: ugomvi wa shamba, urithi, mtoto aliyefariki ghafla, au ramli chonganishi. Kamati ya usharika haiwezi kumaliza yote kwa siku moja. Lakini inaweza kufundisha ukweli wa mwili wazi wazi, kwenye ibada, kwenye jumuiya na kwenye kikundi cha vijana, kabla tuhuma haijaanza. Ikianza, mzee asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Viongozi wa mtaa na polisi wapewe taarifa mara moja.

7. KAMATI IFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo yafuatayo, ambayo mengi hayahitaji fedha nyingi:

(a) Kabla ya kupanga mradi, tengenezeni jedwali lenye safu tatu: umri, anachoweza kubeba, anachokijua. Hakuna mtu atakayekuwa na safu zote mbili za mwisho tupu.

(b) Siku ya nguvu kazi gaweni kazi. Vijana wachimbe na kubeba. Watu wazima wapime na kujenga. Wazee watunze stoo na orodha, waangalie watoto, na waeleze chemchemi za zamani zilikuwa wapi na maji ya mvua hupita wapi. Kazi ianze asubuhi mapema kabla ya jua kali.

(c) Kwenye mradi wa maji, hesabuni pia madumu ya lita 10, na kituo cha maji kiwe karibu na wanaoishi juu kilimani.

(d) Kwenye kila choo kinachojengwa, wekeni walau tundu moja lenye kiti cha kukalia na mti imara wa kujishikilia. Choo cha kuchuchumaa ni mateso kwa goti la miaka 70.

(e) Andaeni siku ya kupima macho mara moja kwa mwaka, na fungu la miwani ya kusomea kwa vikundi vya ushonaji na akiba.

(f) Boresheni majiko: dirisha, dohani, jiko banifu. Kuliponya jicho la binti leo ni kumlinda bibi wa kesho.

(g) Muwekeni mzee na kijana katika kila kamati ndogo. Penye wazee haliharibiki neno, lakini pasipo vijana neno halitendeki.

Kwa wafadhili wetu tunasema kwa unyenyekevu: msipime mradi kwa kipato cha vijana peke yake. Tunamshukuru Mungu kwa mifano iliyopo. Wilayani Muleba, Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee fedha kidogo kila mwezi, wengi wao wakiwa wanalea wajukuu yatima. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilitaja katika jina lake lenyewe vitu ambavyo fedha hizo zilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Pensheni ya bibi ilivaliwa na mjukuu. Zanzibar nayo mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Fedha inayomfikia mzee mara chache huishia kwa mzee.

8. MASWALI YA MAJADILIANO

Kamati ijadili maswali haya katika kikao kijacho. Tunashauri wawepo angalau kijana mmoja wa chini ya miaka 25 na mzee mmoja wa zaidi ya miaka 70.

1. Katika mradi wetu wa mwisho, ni nani walibeba mizigo mizito? Walikuwa na umri gani?
2. Tajeni watu watatu wa usharika wetu walioacha kazi kwa sababu ya macho. Je, wamewahi kupimwa?
3. Ni ujuzi gani uliopo kwa wazee wetu ambao utapotea wakifariki kabla hatujauliza?
4. Barzilai alijichagulia mpaka wake mwenyewe. Je, sisi huwauliza wazee wanachoweza, au huwaamulia?
5. Mzee akituhumiwa uchawi katika mtaa wetu leo jioni, nani atalala naye usiku huu, na nani atapiga simu?

Swali la tano lisiachwe bila majina mawili kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Majibu ya maswali mengine tutafurahi kuyapokea ofisini ili tuyatumie katika mipango ya mwaka ujao.

Ni sisi katika huduma,
Ofisi ya Miradi, Mkolani